IKIWA au KAMA? Namna ya kuamua kama muundo rudufu ustaafishwe kwenye lugha ya programu

Miaka kadhaa iliyopita niliandika lugha ndogo ya kanuni kwa ajili ya ofisi moja ya kusafirisha mizigo. Ilikuwa mistari michache ya kueleza mteja gani anatozwa nini, ili wahasibu wabadilishe viwango wenyewe bila kuniita kila mara. Neno la sharti lilikuwa mawili. Mwenzangu alizoea KAMA, mimi nilipenda IKIWA, na kwa kuwa hakuna aliyetaka ugomvi tukayaruhusu yote. Baada ya mwaka nikaona aibu. Nikasema lugha moja, neno moja, nikaifuta IKIWA Jumatatu asubuhi na kwenda kunywa chai. Yaliyotokea mwisho wa mwezi nitayaeleza mbele, kwenye hatua inayohusika.

Muundo rudufu ni huo: njia ya pili ya kuandika jambo lilelile. Kuustaafisha ni kuuondoa kazini, polepole au mara moja. Mwongozo huu ni wa yeyote aliyeshika lugha mkononi: iwe lugha kamili, lugha ya violezo, au seti ya amri ndani ya mfumo wa ofisi. Nimechota mifano kwenye Python, PHP, Swift, Rust, C++ na JavaScript, maana huko maamuzi ya aina hii hufanywa hadharani na makosa yake hayafichiki.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mapacha kweli

Kiswahili chenyewe kinafundisha hapa. "Alisema kwamba", "alisema kuwa", "alisema ya kwamba": weka moja mahali pa jingine, maana haitikisiki. Hao ni mapacha. Sasa chukua "bali" na "lakini". "Si daktari bali ni muuguzi" ni sentensi safi. Jaribu "Nilifika bali sikumkuta" uone watu watakavyokutazama. Hawa wanafanana kwa mbali tu, kila mmoja ana kazi yake.

Kwenye Python 2, `<>` na `!=` walikuwa mapacha, zote zikimaanisha "si sawa na". Vivyo hivyo alama za mgongo, yaani `` `x` `` na `repr(x)`, zinazoonyesha thamani kama maandishi. Popote palipo na mmoja ungeweza kuweka mwingine na programu isingejua tofauti. Toleo la 3.0, Desemba 2008, likawaondoa `<>` na alama za mgongo, na sijawahi kusikia mtu akiwalilia. (`<>` bado imejificha ndani ya Python kama mzaha wa Siku ya Wajinga. Anayetaka aandike `from __future__ import barry_as_FLUFL` ajionee.)

Linganisha na `var` na `let` za JavaScript. Mgeni akiona vyote viwili vinatangaza kigeu atasema kimoja ni cha ziada. Basi mpe hii:

```
for (var i = 0; i < 3; i++) {
  setTimeout(() => console.log(i));
}
```

Inaandika 3, 3, 3. Badilisha `var` iwe `let`, hakuna kingine, nayo inaandika 0, 1, 2. Kwa `var` kuna `i` moja inayotumiwa na mizunguko yote, na fanksheni zinapokuja kuisoma kitanzi kimeshamaliza. Kwa `let` kila mzunguko una `i` yake. Ukimfuta `var` kwa kisingizio cha urudufu unabadilisha tabia ya programu za watu.

Namna ninayoifanya mimi ni ya karatasi na kalamu. Orodhesha mahali pote ambapo muundo wa kwanza unaweza kukaa: peke yake kwenye mstari, ndani ya hesabu kubwa zaidi, ndani ya kitanzi, ukiwa na thamani tupu, ukiwa na thamani yenye sehemu nyingi. Kisha weka wa pili kila mahali. Ukifanya hivyo kwa `i++` na `i += 1` za Swift ya zamani (zote huongeza moja kwenye `i`), utaona ni mapacha wakiwa peke yao kwenye mstari tu. Ndani ya `a[i++]` unapewa thamani ya zamani kwanza ndipo inaongezwa, na `i += 1` ya Swift hairudishi thamani yoyote. Mapacha wa nusu si sababu ya kukata tamaa, ila inabidi ujue hiyo nusu nyingine iko wapi.

Mimi sikufanya zoezi hili kwa KAMA na IKIWA. Ningelifanya, ningekumbuka kwamba lugha yangu ilitumia KAMA kwa kazi nyingine pia, kulinganisha maandishi kwa mfano. Mstari wa kawaida ulikuwa hivi:

```
IKIWA mteja KAMA "Juma%" TOZA 0
```

Baada ya usafi wangu ukawa `KAMA mteja KAMA "Juma%" TOZA 0`. Mashine ilielewa. Mhasibu alisoma mara tatu.

Hatua ya 2: Andika gharama ya kuwabakiza wote wawili

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini `<>` na `!=` walikaa zizi moja kwa miaka na hakuna aliyejeruhiwa. Kuwepo kwa njia mbili si gharama yenyewe. Andika nani anapoteza nini.

Gharama ninazozikubali ni chache. Ya kwanza, muundo rudufu unakalia alama ambayo ungeitumia kwa jambo jipya, au alama isiyosomeka. Alama ya mgongo kwenye karatasi iliyochapwa vibaya haitofautiani na alama ya nukuu moja. Ya pili, mgeni anakosea kwa sababu ya pacha huyo. Ya tatu, kila kipengele kipya unachoongeza lazima ukifundishe mara mbili, na upande mmoja huwa unasahaulika. Timu kubishana wakati wa ukaguzi wa msimbo ni gharama pia, lakini hiyo hutibiwa na programu ya kupanga msimbo. Usivunje kazi za watu kwa ajili yake. "Inaniudhi" haimo kwenye orodha. Hiyo ndiyo iliyoniponza.

Swift ni mfano mzuri wa gharama iliyopimwa. Mwishoni mwa 2015 Chris Lattner, aliyeianzisha lugha hiyo, alipendekeza `++` na `--` ziondoke. Hoja zilikuwa za kawaida kabisa: wanaoanza wanachanganyikiwa kati ya `++x` na `x++`; Swift ina vitanzi vinavyopita juu ya orodha hivyo anayehitaji kuhesabu kwa mkono ni nadra; na kinachookolewa ukilinganisha na `x += 1` ni herufi kidogo tu. Swift 2.2 ikaanza kutoa onyo Machi 2016, na Swift 3 ikaziondoa Septemba mwaka huohuo. Miezi sita! Lakini angalia umri: lugha ilitangazwa 2014, haikuwa hata na miaka miwili wakati uamuzi unafanyika. Udongo uwahi ungali maji. Pendekezo hilohilo likipelekwa leo kwa lugha ya miaka thelathini halitoki mlangoni.

Ukimaliza hatua hii na karatasi yako ni tupu, acha. Umeokoa muda wa watu wengi.

Hatua ya 3: Watafute wanaoutumia, hasa usiowaona

Kuhesabu matumizi kwenye msimbo ulionao ni kazi ya saa moja, mradi usitumie kutafuta-maneno tu. Neno "ikiwa" kwangu lilikuwa pia ndani ya ujumbe wa ankara: "Ikiwa mzigo umechelewa, piga simu". Hesabu kwa kuusoma mti wa sintaksia, yaani msimbo uliokwisha kuchambuliwa kisarufi. Python ina moduli ya `ast` kwa kazi hiyo, na lugha nyingi zina kitu kinachofanana. Watu wa Rust wamekwenda mbali zaidi: wana chombo kiitwacho Crater kinachojenga na kujaribu vifurushi vya wazi kwa kompaila mpya (kompaila ni programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), na hapo unaona nani ameumia kabla hujamuumiza.

Shida ni wale wasio kwenye hesabu. Katika C na C++ kulikuwa na alama tatu-tatu, kwa mfano `??=` ikisomwa kama `#`, zilizowekwa kwa ajili ya mashine zisizo na herufi hizo. Kwa anayetazama msimbo wa wazi kwenye intaneti, hazikuwa na mtumiaji. Wakati kamati inayoandika kiwango rasmi cha C++ inajadili kuzifuta, IBM walipinga: walikuwa na wateja kwenye kompyuta kubwa zinazotumia EBCDIC, mfumo wa zamani wa kuhifadhi herufi, na msimbo wa wateja wale hauko mahali pa kutafutwa na mtu yeyote. C++17 ilizifuta hata hivyo, lakini maandishi ya kiwango yaliacha mlango ambapo kompaila inaweza kuendelea kuzitafsiri kabla ya kusoma faili. Nadhani ule mlango ndio uliokuwa uamuzi wenyewe.

Kwangu asiyeonekana alikuwa mhasibu mmoja. Hakuweka kanuni zake kwenye mfumo kama wengine. Alikuwa nazo kwenye karatasi ya Excel, kwenye kompyuta yake, na kila mwisho wa mwezi alinakili na kubandika. Zote zilianza na IKIWA. Ningemuuliza tu nani anaandikaje kanuni, angeniambia.

Hatua ya 4: Jaribu kuandika kibadilishi kabla ya kuamua

Kama unaweza kuandika programu inayohamisha muundo wa zamani kwenda mpya bila kuuliza swali, kustaafisha ni nafuu. Kama huwezi, ni ghali, na hakuna tangazo litakalopunguza bei. Hiki ndicho kiinua mgongo cha anayestaafu: usimtoe kazini bila kumlipa.

Chombo cha `2to3` kilibadilisha `<>` kwa urahisi. (Chenyewe kikastaafishwa na kuondolewa Python 3.13. Hata fagio huchakaa.) Lakini chukua alama ya `%` ya kuunda maandishi, yaani kupachika thamani ndani ya sentensi. Python 3.0 ilipotoka, maelezo ya toleo yalisema nia ni `format` iwe njia pekee hatimaye, na `%` ianze kutolewa onyo kwenye 3.1. Keti uandike kibadilishi chake:

```
ujumbe = "Jumla: %s" % x
```

Rahisi? Inategemea `x` ni nini. Ikiwa ni namba, sawa. Ikiwa ni jozi kama `(1, 2)`, mstari wa zamani unatoa kosa kwa sababu `%` inaifungua jozi, ilhali `"Jumla: {}".format(x)` unaichapa kwa raha. Kibadilishi hakijui `x` ni nini mpaka programu iende. Ongeza faili za tafsiri zenye `%s` ndani yake, zilizo kwa wafasiri wasio waandishi wa programu, na moduli ya `logging`, ya kuandika kumbukumbu za programu, inayotumia mtindo huohuo. Onyo la 3.1 halikuja. Mwaka 2015 Python 3.5 ikaiongezea `%` kazi, ikaanza kufanya kazi kwenye baiti (data ghafi) pia, na mwaka uliofuata 3.6 ikaleta njia nyingine tena, zile `f"..."`. Lugha inayojisifu kuwa na njia moja iliyo wazi ina njia nne za kuunda maandishi, na maisha yanaendelea.

Siku mbili za kuandika kibadilishi zitakufundisha kuliko mwezi wa mjadala. Kiendeshe kwenye msimbo halisi, soma tofauti mstari kwa mstari, hesabu mara ngapi ulilazimika kuingilia kwa mkono.

Hatua ya 5: Uliza kitakufa kwa kelele au kimyakimya

Hapa sina mzaha, na kama una muda wa hatua moja tu, chukua hii.

PHP 7.0, Desemba 2015, iliondoa familia ya `mysql_connect` na ndugu zake, fanksheni za kuunganisha na hifadhidata ya MySQL, baada ya kuitolea onyo tangu 5.5. Tovuti nyingi zilianguka, lakini zilianguka kwa sauti: fanksheni haipo, faili hii, mstari huu. Mtu anajua pa kushika.

Sasa tagi fupi `<?`, pacha wa `<?php`, alama inayofungua msimbo wa PHP ndani ya faili. Seva isiyoitambua haisemi kosa lolote. Inaichukulia faili kama maandishi ya kawaida na kuimwaga kwa mgeni, pamoja na nywila ya hifadhidata kama imo. Mwaka 2019 pendekezo la kuistaafisha lilipita kura, likazua mabishano makali, likaandikwa upya, na la pili likakataliwa. Tagi fupi bado imo kwenye PHP 8. Waliokataa walikuwa na hoja nzito kuliko usafi wa sarufi.

Aina nyingine ya kifo cha kimya ni jina kubaki huku maana ikibadilika. Python 2 ilikuwa na `range` iliyotengeneza orodha nzima na `xrange` iliyotoa namba moja baada ya nyingine. Python 3 ikafuta jina `xrange` na kumpa `range` tabia ya marehemu. Bahati nzuri wengi walipata kosa la wazi, mfano `range(5) + [9]` inakataa papo hapo. Lakini kwa ujumla kurithisha jina ni hatari kuliko kulifuta.

Lugha yangu ilikuwa na tabia mbaya niliyoisahau: mstari usioeleweka ulirukwa, kama maelezo ya pembeni. Kwa hiyo yule mhasibu alipobandika kanuni zake, mistari yote ya IKIWA ilirukwa bila neno. Ankara za mwisho wa mwezi zilitoka bila ada ya kuhifadhi mzigo. Tuligundua baada ya siku mbili, na si kwa ufundi wetu. Mteja mmoja mwaminifu alipiga simu kuuliza mbona safari hii nafuu.

Kanuni ninayofuata sasa: kabla ya kufuta muundo, toa toleo linaloutambua kwa makusudi ili kuukataa, lenye ujumbe unaotaja mbadala wake. Parsa, yaani sehemu inayosoma sarufi ya msimbo, inapaswa kuendelea kumjua marehemu kwa muda mrefu baada ya mazishi.

Hatua ya 6: Chagua kiwango cha kustaafisha

Watu huzungumza kama vile kuna kufuta na kubakiza tu. Katikati pana ngazi, na nusu ya maamuzi mazuri yako hapo.

Chini kabisa ni kuacha kuufundisha: utoe kwenye mwongozo na mifano. Sera ya Python, PEP 387 (PEP ni hati rasmi za mapendekezo ya Python), inalo jina la hali hii, kustaafisha kwa upole. Nyaraka zinasema usitumie kwa kazi mpya, lakini hakuna onyo wala mpango wa kufuta. Juu yake kuna programu ya kupanga msimbo inayoandika upya pacha mmoja kila unapohifadhi faili. Ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu muundo unapotea mikononi bila kuvunja chochote.

Kisha onyo. Lionekane, tafadhali. Python tangu 2.7 na 3.2 iliyaficha maonyo ya kustaafishwa kwa chaguo-msingi, ikayarudisha kwa sehemu 3.7. Mwaka 2012, 3.3 ilihamisha aina ya `Mapping` na wenzake kutoka moduli ya `collections` kwenda `collections.abc`, njia ya zamani ikabaki. Iliahidiwa kufungwa 3.9, ikaongezewa muda, ikafungwa 3.10 mwaka 2021. Miaka tisa, na bado watu waliamka na `ImportError` wakiapa hawajawahi kuambiwa.

Juu ya onyo kuna njia ya Rust: matoleo ya zama, 2015, 2018, 2021, 2024. Kila kifurushi kinataja zama zake. Alama `...` kwenye ruwaza, pacha wa `..=` (kuanzia hapa hadi pale), ni kosa kwa kifurushi cha 2021 lakini bado inakubalika kwa cha 2018, na vyote viwili vinaungana kwenye programu moja. `cargo fix --edition` inafanya sehemu kubwa ya kuhama. Bei yake ni kwamba kompaila inabeba sarufi zote milele. Kwa lugha ndogo ya ofisini, mstari mmoja juu ya faili unaotaja toleo unatosha kuanzia.

Mwisho ni kufuta kabisa. Panda ngazi moja baada ya nyingine, na upande tu ikiwa gharama uliyoandika hatua ya 2 bado ipo.

Hatua ya 7: Weka tarehe, na njia ya kurudi

Tarehe iwe ya kalenda au ya toleo, si "siku zijazo". Na ukikosea, rudi mapema. Python 3.0 iliondoa `u` ya mbele ya maandishi, `u"habari"`, kwa hoja isiyo na dosari: maandishi yote sasa ni Unicode (mfumo wa herufi za lugha zote), hivyo `u` haina kazi. Lakini waandishi wa maktaba walihitaji faili moja iende kwenye Python 2 na 3 kwa pamoja, na ile herufi isiyo na kazi ndiyo iliyokuwa daraja. Mwaka 2012, kupitia PEP 414 ya Armin Ronacher, 3.3 ikairudisha. Ipo mpaka leo, haifanyi kitu.

Nami nilirudi. IKIWA imerejeshwa, na baada ya kufanya zoezi la karatasi nililolikwepa, ikaonekana nilimstaafisha pacha asiye sahihi. Sasa programu ya kupanga msimbo inaandika IKIWA kila inapokuta KAMA mwanzoni mwa mstari, KAMA ya kulinganisha haiguswi, na mstari usioeleweka unasimamisha hesabu nzima na kutaja namba yake. Mwenzangu bado anaandika KAMA. Akihifadhi faili inageuka, anacheka, anaendelea na kazi. Karatasi ya Excel ya yule mhasibu haijabadilishwa hata herufi moja, ila tarehe ishirini na nane ya kila mwezi huwa namtumia ujumbe kumuuliza imekwendaje.